Miguu Iliyotangulia Safari

Kwa Dada Mkubwa,
Mwalimu Mkuu wa shule na Mkuu wa Msafara wa familia,
Nyumba ya geti la kijani.

Dada yangu mpendwa,

YAH: MIGUU YANGU KUTUMIWA KULAINISHA VIATU VYA SAFARI AMBAYO MIMI MWENYEWE SIKUALIKWA

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kochi lako la dirishani, miguu umeiweka juu ya kigoda, haina lengelenge hata moja. Mimi sijambo kuanzia kichwani mpaka magotini. Kutoka magotini kwenda chini ndiko kwenye habari, na habari yenyewe ni ndefu, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe huniuliza kama nimekula, nikijibu kwamba nimekula unasema haya, lala salama, na mambo mengine yote yanabaki hewani.

Najua utaisoma ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sahihisha herufi na nukta upendavyo, lakini hoja naomba uziache zilivyo, kwa sababu nimezifikiria nikiwa nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na mtu aliye katika hali hiyo hana sababu ya kudanganya. Nimezipa namba kama tunavyofanya kazini tukiripoti bomba lililopasuka.

Kwa faida ya yeyote atakayeisoma barua hii baada yetu, nieleze kwanza tulipo. Kiangazi hiki, shule zikifungwa, unampeleka Mama kwenye mji wa mlimani alikotuzaa sisi wote. Ni mji wa ngazi za mawe. Gari linaishia sokoni kule chini, na kutoka hapo mtu hupanda kwa miguu yake, jua likiwa utosini, mpaka kwenye mtaa wenyewe. Msafara ni Mama, wewe, Shemeji na binti yako. Kwa hiyo unatafuta kiatu. Kiwe laini, utembee nacho kutwa bila kuchechemea. Hapohapo kiwe cha kupendeza, kwa sababu picha zitapigwa, na wewe hujawahi kutoka vibaya kwenye picha. Mpaka sasa umenunua jozi tatu, na zote tatu zimepitia miguuni mwangu. Sasa naanza.

1. Kuhusu asili ya jambo hili.

Wewe unajua, na Mama anajua, kwamba tangu utoto sikuwahi kununuliwa kiatu kipya. Nilirithi vyako. Ulipomalizana na kiatu wewe ndipo kilipoanza maisha ya pili kwangu, na kwa kuwa mimi ni kitinda mimba na sikuwa na wa kumrithisha, vyote vilifia miguuni mwangu. Silalamiki. Ninachosema ni kwamba mguu wangu ulilelewa ndani ya viatu vyako, ukakua kwa adabu, na ulipofika saizi yako ukasimama. Miguu ya wanaume wenzangu iliendelea na safari yake. Wangu ulikuheshimu.

Malipo ya heshima hiyo ndiyo haya. Kila ukinunua kiatu kipya, kabla hakijaona hata zulia la sebuleni kwako, kinatiwa kwenye mfuko na kuletwa kwangu nikilainishe. Ulisema mimi sitaona taabu, kwa kuwa kazi yangu ni kutembea. Ni kweli, mimi ni msoma mita za maji, nikitoka geti hili naingia geti lile, tangu asubuhi mpaka vivuli vinapokuwa virefu. Lakini hata dereva kazi yake ni kuendesha, na sijasikia mtaa mzima ukimpelekea magari yake mapya ayazoeshe barabara. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Dada. Wewe unaona mfuko mwepesi wenye jozi moja ya viatu ndani, na mimi naona wiki nzima ya kutembea kwa kisigino kimoja.

2. Kuhusu jozi ya kwanza, yaani sandali nyeupe zenye vifungo vya rangi ya dhahabu.

Ulisema ni za wazi, zinapitisha hewa, zinafaa kwa joto. Kwa upande wa hewa sina ubishi. Zinapitisha pia mchanga, miiba, siafu na meno. Mbwa wa nyumba ya kona amenijua tangu akiwa mdogo, na tulikuwa tumefikia mahali pa kusalimiana kama majirani. Alipoona vidole vyangu vimepangwa mbele ya macho yake, alisahau urafiki wote. Niliruka ukuta, kwa sandali, mtu mzima na ndevu zangu, na mkoba wa kazi ukabaki upande wa mbwa.

Ungefikiri mbwa ndiye tatizo, lakini binadamu ni wagumu zaidi. Fikiria sare ya kazi, suruali ya bluu na shati lenye nembo ya maji, halafu chini yake vifungo vya dhahabu. Mama mmoja mjane, mwenye bustani ya waridi, alinitazama nikisoma mita yake, akaniuliza kwa upole sana kama nyumbani kuna tatizo. Nikamwambia sandali ni za dada yangu. Akasema anaelewa, na kwamba hata marehemu mumewe alikuwa na mambo yake. Akaniletea chai, akakaa nami barazani mpaka nikaimaliza, akaniombea. Sasa siwezi kupita pale bila kuombewa.

Wenzangu kazini wananiita Bibi Harusi, na jina limeganda. Juzi katika kikao rasmi Bosi mwenyewe alitangaza kwamba Bibi Harusi atachukua mitaa ya bondeni, na katibu akaandika hivyo kwenye kumbukumbu bila kuinua kichwa.

Na baada ya yote hayo, nilipokurudishia sandali zikiwa laini kama ulimi, ulizivaa kutoka kwenye kochi hadi kwenye kioo. Ukageuka kushoto, ukageuka kulia, ukazipa alama nne kati ya kumi, eti zinafanya vidole vyako vionekane kama vinagombana. Vyangu viligombana kweli, Dada, na hakuna aliyekuja kuviamulia. Sandali zikaingia kabatini na hazijatoka hadi leo.

3. Kuhusu jozi ya pili, yaani viatu vya ngozi ya kahawia vilivyochongoka mbele.

Nakiri ni vizuri. Ukiviweka mezani unaweza kukaa kuvitazama mpaka chai ikapoa. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na waliosema hivyo nadhani walikuwa wamevaa viatu hivi. Mbele pana nafasi ya vidole vitatu. Miguu yetu, kama ujuavyo, ina vitano, na vile viwili vya ziada ilibidi vikae juu ya wenzao kama abiria waliochelewa.

Hayo ningeyavumilia, kama si ile karatasi uliyotia ndani ya kiatu, iliyoniagiza nisichuchumae, ili ngozi isiweke mikunjo mahali ambapo mguu wako haujikunji. Dada, kazi yangu ni kuchuchumaa. Mita ya maji iko chini, ndani ya kishimo, chini ya kifuniko cha chuma. Mtu huchuchumaa, huinua kifuniko, hufuta kioo kwa kitambaa, husoma namba, huandika. Kwa kutii agizo lako ilibidi nisome mita zote nikiwa nimesimama, nimejikunja kiunoni kama twiga anayekunywa maji, namba nikiziona kichwa chini miguu juu. Kwa jaji mstaafu wa nyumba ya ghorofa, niligeuza tisa zikawa sita na sita zikawa tisa, na kwa mujibu wa ripoti yangu yule mzee mpole anayeishi na paka mmoja alitumia mwezi ule maji ya kutosha kuanzisha ziwa. Alikuja ofisini mwenyewe, na paka wake, kuuliza ziwa liko wapi.

Bosi aliniita, akaniuliza nina maelezo gani. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuweza kuchuchumaa kwa sababu viatu vya dada yangu vingekunjika. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine mkubwa kidogo anayeweza kuzungumza na dada yangu.

Nilirudi nyumbani siku ile peku, viatu nimevishika mkononi kama mtu aliyebeba samaki. Visigino vilikuwa vimechunika na kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimeacha kujibu. Wewe ulivipa alama tisa. Ukasema kama si ule mkunjo mmoja wa pembeni, ambao hukumbuki kama uliuruhusu, vingepata kumi.

4. Kuhusu jozi ya tatu, yaani raba.

Hapa naomba uweke kalamu chini kidogo, maana nataka kusema jambo jema na sipendi likatwe.

Raba hizi ni za kitambaa cha rangi ya udongo, soli nene, kamba za rangi ya chungwa. Nilizivaa asubuhi nikiwa nimejiandaa kwa mateso, nimebandika plasta kabla ya jeraha, na nikasubiri. Nikapita mtaa wa kwanza, hakuna kitu. Nikapanda kilima cha hospitali, hakuna kitu. Saa ya chakula cha mchana niligundua kwamba nilikuwa nimesahau kama nina miguu, na ni miaka mingi sijaisahau. Nilichuchumaa kila mahali. Nilichuchumaa hata mahali ambapo hapana mita, kwa raha tu. Jioni nilirudi kwa njia ndefu ya mtoni, nikipiga mluzi, na yule mjane wa waridi akaniona nikipita akashukuru kwamba maombi yake yamefika.

Nilikuletea raba zile nikiwa na furaha ya mtu anayeleta habari ya kuzaliwa mtoto. Hukuzivaa hata. Ulizitazama ukiwa mbali, ukasema zinafanana na mikate miwili iliyoumuka vibaya, ukazipa alama tatu, moja ikiwa ya kuhudhuria. Ukasema umeshaamua, utakwenda na vile vya kuchongoka, na ukanirudishia nivimalizie kuvilainisha upande wa vidole.

5. Katika mashauri yote haya, mguu haujaulizwa.

6. Kuhusu usalama wa Mama.

Hapa sifanyi mzaha, au nafanya kidogo tu. Wewe ndiye utakayemshika Mama mkono kwenye ngazi zile. Mama hatembei tena kama zamani. Akipanda huegemea, akishuka huegemea zaidi, na kila anapoegemea uzito wake wote unakwenda kwenye viatu vya yule aliyemshika. Sasa wewe uwe ndani ya viatu vyenye soli inayoteleza kama sabuni, vidole vyako vikiwa vimepandana, jasho la kiangazi likiwa ndani. Ngazi ya mawe haijali kama umependeza. Ukianguka wewe, ameanguka na Mama, na picha nzuri za safari zitakuwa za watu wawili waliofungwa bandeji.

Kuna na jambo jingine ambalo watengenezaji wa viatu hawaliandiki kwenye boksi. Kiatu kina kumbukumbu. Kikishatembezwa, kinamjua mtu na kinaijua njia. Viatu vyako vya kahawia vimezoea mwendo wangu: hatua kadhaa, geti, kushoto, kishimo cha mita, kurudi. Usishangae ukiwa katika mji wa watu, umependeza, umemshika Mama, mara viatu vikakuingiza kwenye ua wa mtu usiyemjua na kukusimamisha karibu na bomba. Utajieleza vipi? Mimi nitakuwa huku, nikimwagilia maua yako.

7. Kuhusu nani hasa ameshaondoka.

Nilipofika hoja hii maji ya kwenye beseni yalikuwa yamepoa, na nikaanza kufikiri kama wanavyofikiri mawakili. Safari huanza lini? Huanza pale mtu anapovaa viatu vya safari na kutoka nyumbani kwake. Viatu vya safari vimevaliwa. Nyumbani kumetokwa. Aliyevaa na kutoka ni mimi. Kwa hiyo safari hii imeshaanza, na miguu yangu imo ndani yake tangu zile sandali. Ninyi wanne mnaojiita msafara bado hamjatoka hata barazani. Kilichoachwa nyuma ni kiwiliwili changu tu, na sijui sheria yoyote inayomruhusu mtu kuchukua miguu ya mwenzake na kuiacha sehemu iliyobaki ilinde nyumba.

Ukiliangalia vizuri, Dada, si kwamba mimi naomba kujiunga na safari yenu. Ninyi ndio mnaotaka kujiunga na yangu. Na mimi, kwa moyo wangu mweupe, sijakataa.

8. Hoja ya nane nimeiandika mara kadhaa na kuikata.

Nilizaliwa kule kama ninyi. Tofauti ni kwamba ninyi mlishuka ngazi zile kwa miguu yenu siku tulipohama, na mimi nilishushwa mgongoni kwa Mama, nimelala. Wewe na Mama mkianza kuukumbuka mji ule mezani, mlango uliokuwa ukilia, jirani aliyekuwa akianika mashuka juu ya njia mpaka watu wainame, siku ulipoteleza na ndoo ya maji ikashuka ngazi peke yake mpaka sokoni, mnacheka mpaka mnafuta machozi. Mimi hukusanya vyombo nikaenda kuviosha. Hamjawahi kuniuliza kwa nini huwa napenda kuosha vyombo wakati ule. Sababu ni kwamba sina cha kuchangia. Ni mimi peke yangu nisiyejua hata rangi ya mlango wa nyumba nilimozaliwa.

Siku mlipokaa kupanga safari hii, Mama aliuliza nani atabaki kuangalia nyumba, na ninyi nyote kwa pamoja mkageuka mkatazama upande wangu. Mkaendelea na habari za mabegi. Nilimaliza chai yangu, nikaaga, na kesho yake ukaniletea mfuko wenye sandali. Nilizipokea. Punda afe, mzigo ufike. Lakini tangu siku ile, kila ninapolainisha kiatu, nakilainisha huku nikijua kitapanda ngazi ambazo mimi sitazipanda, na hilo limenichuna kuliko kisigino. Mama anazeeka. Nilitaka nami nimshike mkono kule juu, anionyeshe huo mlango, hata mara moja. Nimesema.

Kutokana na hoja zilizotajwa, naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu wote unaowezekana kwa mtu mwenye plasta nane.

Kwanza, kiatu cha safari kichaguliwe na mguu uliokitembea, siyo na jicho lililokitazama kikiwa mezani. Raba zipewe nafasi. Kama kamba za chungwa zinakukera, tia nyeupe, au za rangi ya gauni lako, hakuna atakayejua. Mtu anayetembea bila kukunja uso amependeza tayari. Wewe mwenyewe umewahi kuwaambia wasichana wako shuleni kwamba umaridadi ni kujisahau, nami nilikuwepo, nimeketi nyuma na viatu vyako vingine miguuni.

Pili, iwe mwiko katika ukoo wetu, kizazi hata kizazi, mtu kumpa mwenzake kiatu kipya amlainishie. Kila mguu ubebe kiatu chake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na haki ni kwamba anayetaka kupendeza aumie mwenyewe. Anayemtwika mwenzake malengelenge yake, hata akimwita ndugu, hata akimshukuru kwa maneno matamu, huyo anamtumia binadamu kama kijiti cha kupanulia kiatu. Juu ya jambo hili sitarudi nyuma, na wanangu, nikijaaliwa, nitawausia hivyohivyo.

Tatu, nichukuliwe. Kama gari halina nafasi ya mdogo wako, basi nihesabiwe kama mzigo. Sina begi kubwa. Naweza kukaa na vikapu.

Ikiwa maombi haya hayatasikilizwa, nitalazimika kuchukua hatua ambayo hata mimi inanisikitisha. Siku ya mkutano wa wazazi shuleni kwako nitakuja, nimevaa sare ya kazi na sandali nyeupe, nitakaa mstari wa mbele, na yeyote atakayeniuliza nitamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba ni za Mwalimu Mkuu.

Nisalimie sana Mama, mwambie dawa anywe baada ya kula na si kabla. Nisalimie Shemeji na umpe pole ya goti. Nisalimie binti yako, mwambie mjomba wake bado anamdai kile kitabu. Walimu wenzako, mpishi wa shule, mlinzi wa geti la kijani na kuku wako wote, kila mmoja kwa cheo chake, wape salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu kuanzia magotini kwenda juu,

Kitinda
Msoma mita za maji

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii binti yako alipobisha hodi. Alikuja kuuliza kama nimeshaomba ruhusa kazini, maana gari linaondoka Jumamosi. Nikamuuliza gari gani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Anasema jina langu lilikuwamo tangu siku ya kwanza. Anayebaki na nyumba ni Shemeji, kwa ajili ya goti lake, na siku ile mezani mlikuwa mnamtazama yeye, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akimenya chungwa. Anasema wewe uliona ni jambo lisilohitaji kusemwa, kwa sababu mama akipakua chakula hamwambii mwanawe kwamba na yeye ni mlaji. Na Mama, anasema, ameshagawa mikono yake: wa kulia ni wako, wa kushoto ni wangu. Dada, nilikaa chini nikalia, na sikuona haya. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa nimeitolea jasho, ila hoja ya saba na lile la mkutano wa wazazi unaweza kuvikata kwa wino mwekundu.

Baada ya hapo nilikwenda moja kwa moja dukani kujinunulia kiatu kipya, cha kwanza maishani mwangu. Raba zilikuwepo, pana, laini, za saizi yangu. Kando yake vilikuwepo viatu vyeusi vya ngozi, vinang'aa, vimechongoka mbele, na nikawaza kwamba nitapigwa picha na Mama mbele ya ule mlango. Nilichukua vyeusi. Vinauma kuliko chochote ulichowahi kuniletea, lakini usiwe na wasiwasi. Yuko bwana mmoja msoma mita za umeme, tunapishana kwenye mageti yaleyale, mtu mpole sana, na bahati nzuri mguu wake ni saizi yetu. Nimempa avitembeze mpaka Ijumaa, na nimemsihi asichuchumae. Hakunung'unika hata kidogo. Amepita hapa jioni hii akichechemea, akaniomba karatasi ya barua na bahasha. Nimempa. Sikumuuliza anamwandikia nani.